Mama na Mwana, Viharusi Viwili: Sura Inayobadilika ya Kiharusi Mijini

Pongwe ni kata ya Jiji la Tanga, kandokando ya barabara itokayo mjini kuelekea Muheza na Segera. Wazee wa hapo wanaikumbuka kwa mkonge na reli; vijana wanaijua kwa mawe ya chokaa, kokoto na saruji. Si shamba tena, wala haijawa mjini hasa. Mtu huamka katika nyumba iliyozungukwa na minazi, akapanda bodaboda kwenda kazini, akala chipsi mchana na kurudi usiku. Sensa ya 2012 iliwakuta wakazi 273,332 katika Jiji la Tanga. Ile ya 2022 iliwakuta wamepita 390,000. Maisha yamebadilika, na maradhi yamebadilika pamoja nayo.

Kutoka katika nyumba moja ya Pongwe nimewatibu wagonjwa wawili wa kiharusi, mama na mwanawe. Habari zao naziandika kwa idhini yao, nikiacha majina na yote yanayoweza kuwatambulisha, kwa sababu mama huyo aliniuliza swali ambalo kila mhudumu wa afya anapaswa kuwa na jibu lake.

Mama alikuwa na umri wa miaka 71. Alikuwa amemeza dawa za shinikizo la damu kwa takribani miaka 20, bila kuruka siku, akizihesabu kama anavyohesabu tasbihi. Asubuhi moja alipokuwa akipeta mchele, ungo ulimponyoka mkononi. Mdomo ukaenda upande, maneno yakawa mazito. Jirani aliita bajaji, na kabla ya saa mbili kupita alikuwa hospitalini. Picha ya CT haikuonyesha damu iliyovuja. Siku mbili baadaye picha ya pili ilionyesha sehemu ya ubongo iliyokosa damu. Mshipa ulikuwa umezibwa na donge. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo yasiyo na mpangilio. Leo anatembea kwa mkongojo na anasuka ukili kwa mkono mmoja na nusu, kama asemavyo mwenyewe.

Mwanawe alikuwa na miaka 46, mponda kokoto. Miaka miwili kabla, katika zoezi la kupima afya, shinikizo lake lilikutwa 190/115. Alipewa dawa za mwezi mmoja. Zilipokwisha hakurudi, kwani hakuumwa na kitu. Usiku mmoja alishikwa na maumivu makali ya kichwa, akatapika, akaanguka. Siku mbili alifukizwa ubani na kuchuliwa mafuta nyumbani. Siku ya tatu aliletwa kwetu. Picha ya CT ilionyesha doa jeupe ndani kabisa ya ubongo, upande wa kushoto: damu iliyovuja kutoka katika mshipa uliopasuka. Aliishi, lakini mkono wake wa kulia haujarudi, na maneno aliyobakiwa nayo hayazidi matano.

Miezi michache baadaye mama alikuja kliniki, akamkalisha mwanawe kwenye benchi, kisha akaniuliza: “Daktari, mimi nilimeza dawa nikapata kiharusi. Huyu hakumeza, naye akapata. Sasa dawa inafaa nini?”

Makala haya ni jibu langu kwake.

Jina moja, maradhi mawili

Neno kiharusi huwafunika ndugu wawili wasiofanana. Wa kwanza ni kiharusi cha kuziba: donge la damu, au mafuta yaliyojijenga ukutani mwa mshipa, huzuia damu isipite, na sehemu ya ubongo iliyotegemea mshipa huo hufa njaa. Wa pili ni kiharusi cha kuvuja: mshipa hupasuka, damu humwagika ndani ya ubongo au katika utando unaouzunguka, na ubongo hukandamizwa. Katika makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 kulikuwa na viharusi vipya milioni 12.2 duniani. Takribani 62 katika kila 100 vilikuwa vya kuziba, 28 vya kuvuja ndani ya ubongo, na 10 vya kuvuja katika utando.

Kwa macho, mgonjwa wa aina moja anaweza kufanana kabisa na wa aina nyingine. Maumivu makali ya kichwa, kutapika na kupoteza fahamu mapema hutuelekeza kwenye kuvuja, lakini dalili hizo hudanganya mara nyingi mno kwa mtu anayetaka kuamua tiba. Ni picha ndiyo inayoamua. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya CT ya ubongo alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Kwa miaka mingi baada ya hapo mashine hiyo ilikuwa mbali na wagonjwa wengi wa Tanzania. Hospitali za rufaa za mikoa zilianza kuzipata kwa wingi kupitia mpango wa fedha za UVIKO-19 uliozinduliwa Oktoba 2021. Kwa hiyo, tunaposema aina za kiharusi zinabadilika mijini, lazima kwanza tukiri kwamba macho ya kuziona aina hizo tumeyapata juzi.

Yale tuliyohesabu

Hata hivyo Tanzania haiko gizani. Ni miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizowahi kukihesabu kiharusi nyumba kwa nyumba.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya vifo. Kati ya 1992 na 1995, watafiti walifuatilia vifo katika sehemu za Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro vijijini. Kati ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64, vifo vya kiharusi kwa mwaka katika kila wanaume 100,000 vilikuwa 65 Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro vijijini. Kwa wanawake vilikuwa 88, 33 na 27. Wakati huohuo, Uingereza na Wales vilikuwa takribani 11 kwa wanaume na 9 kwa wanawake. Takwimu hizo zilivunja imani kwamba kiharusi ni maradhi ya Wazungu wazee.

Hesabu ya pili ilikuwa ya wagonjwa wapya. Kuanzia Juni 2003, kwa miaka mitatu, mradi ulioongozwa na Richard Walker ulifuatilia watu 159,814 wa Hai na 56,517 wa Dar es Salaam. Walipatikana wagonjwa 453 Hai na 183 Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na takribani wagonjwa 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316. Jiji lilikuwa na karibu mara tatu ya kijiji.

Hesabu ya tatu inatugusa zaidi sisi watu wa pwani. Katika kisiwa cha Unguja, viharusi vyote vilivyofika hospitalini kwa mwaka mmoja, kuanzia Oktoba 2018, viliandikishwa: 869. Kiwango kilichosawazishwa kwa umri kilikuwa karibu 287 katika kila watu 100,000. Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 62. Karibu robo tatu yao walipigwa picha ya ubongo, na kati ya hao, takribani 74 katika kila 100 walikuwa na kiharusi cha kuziba na 26 cha kuvuja. Unguja na Tanga hutazamana kwa bahari moja, na watu wake hula chakula kinachofanana. Sina sababu ya kuamini kwamba Pongwe iko mbali sana na hapo.

Tahadhari moja kwa wasomaji wenzangu wa takwimu. Hesabu ya hospitali huhesabu waliofika. Kiharusi kikubwa cha kuvuja huua mapema, wakati mwingine kabla bajaji haijaitwa. Kiharusi kidogo cha kuziba huweza kumwacha mtu akichechemea nyumbani bila kuja kabisa. Wa kwanza huzikwa bila jina la maradhi yake. Wa pili husemwa amepigwa na baridi. Aina tunayoiona wodini hutegemea nani amefika, amefika lini, na kama mashine ya picha ilikuwa ikifanya kazi siku hiyo.

Walikopita wengine

Ili tujue tunakokwenda, inafaa tuwatazame waliotutangulia. Japani, kuanzia 1951 hadi 1980, kiharusi kilikuwa sababu ya kwanza ya vifo. Mikoa ya kaskazini kama Akita iliumia zaidi. Watu wa huko walihifadhi mboga na samaki kwa chumvi wakati wa baridi, na walikula zaidi ya gramu 20 za chumvi kwa siku; Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5. Viharusi vingi vilikuwa vya kuvuja. Ndipo wahudumu wa afya walipoanza kuzunguka vijijini na mashine za kupimia shinikizo, wakawafundisha watu kupunguza chumvi, na kuanzia 1961 bima ya afya ikawafikia wananchi wote. Kati ya 1965 na 1990 vifo vya kiharusi vilishuka kwa zaidi ya nusu, na vile vya kuvuja vilishuka kuliko vya kuziba.

Beijing nako, kati ya 1984 na 2004, viharusi vya kuvuja vilipungua taratibu, ilhali vya kuziba viliongezeka kwa karibu asilimia 9 kila mwaka. Shinikizo la damu lilikuwa limeanza kudhibitiwa, lakini kisukari, unene na lehemu vilikuwa vikipanda.

Funzo ni hili: uwiano wa aina za kiharusi katika mji ni kioo cha jinsi mji huo unavyotibu shinikizo la damu. Pale ambapo shinikizo limeachwa, mishipa midogo ya ndani ya ubongo hupasuka, na hupasuka kwa watu wenye umri wa kufanya kazi. Pale linapodhibitiwa, watu huishi hadi uzeeni, na viharusi vinavyobaki huwa zaidi vya kuziba, vinavyotokana na moyo, kisukari na lehemu.

Sasa mtazame mama na mwana wa Pongwe. Mwana alipata kiharusi cha Akita ya zamani. Mama alipata kiharusi cha miji iliyokwisha kuvuka. Nyakati mbili za historia ya maradhi zinalala chini ya paa moja. Hiyo ndiyo hali ya miji yetu: ya zamani hayajaondoka na mapya yamekwisha kuingia.

Mzigo wa walio katikati ya maisha

Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Hai mwaka 1996 na 1997 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu, chini ya 20 katika kila 100 walijua kwamba wanalo. Takribani 10 walikuwa wakitibiwa. Waliodhibitiwa hawakufika hata mmoja. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa ulikuta shinikizo la juu kwa karibu mtu mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Maana yake, katika daladala iliyojaa kutoka Pongwe kwenda mjini, kuna abiria kadhaa wenye maradhi haya, na baadhi yao hawajui.

Matokeo yake tunayaona kwa vijana. Utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili uliochapishwa 2020 ulikuta kwamba theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi waliolazwa walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 45. Si wote wanaougua kwa sababu ya shinikizo. Katika utafiti wa Hai na Dar es Salaam uliochapishwa 2013, maambukizi ya VVU, uvutaji sigara, lehemu isiyo na uwiano mzuri na maradhi ya moyo vilijitokeza pia kuwa visababishi muhimu. Selimundu na maradhi ya vali za moyo yatokanayo na homa ya baridi yabisi navyo huleta kiharusi kwa vijana na watoto. Kila kijana mwenye kiharusi anastahili kupimwa hayo yote, wala asiandikiwe “presha” na kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa nini kijana alicheleweshwa

Nilijiuliza kwa nini familia iliyomkimbiza bibi wa miaka 71 hospitalini kwa saa mbili ilimweka mwanamume wa miaka 46 nyumbani siku mbili. Kaka yake alinijibu bila kuficha: “Kwa mzee tulijua ni maradhi. Kwa kijana mwenye nguvu zake, tulijua ni mkono wa mtu.”

Hayuko peke yake. Gerry Mshana na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2008, waliwauliza watu wa Dar es Salaam na Hai kuhusu kiharusi. Jijini wengi walikitaja kuwa kazi ya majini au uchawi. Hai walizungumzia zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo. Tofauti hiyo huwashangaza wanaodhani kwamba mjini ndiko kwenye elimu ya afya.

Sisi wahudumu wa afya tusiwadhihaki watu hao. Kitu kinachomwangusha mtu ghafla, bila homa wala jeraha, kikamnyang'anya ulimi na mkono, kinatafuta maelezo. Tukimwambia ndugu wa mgonjwa kwamba ni mjinga, hatarudi. Tukimwambia, “Dua iendelee, lakini iendelee hospitalini,” mara nyingi hukubali. Nimeona waganga wa tiba asili na maimamu wakiwa wa kwanza kusema “mpelekeni hospitali,” baada ya kuelezwa kwa heshima kwamba ubongo uliozibiwa damu hupoteza seli takribani milioni 1.9 kila dakika.

Jibu kwa mama, na kosa langu

Nilimwambia mama hivi: dawa zilikupa miaka 20. Bila hizo, pengine ungeanguka ukiwa na umri wa mwanao, kama alivyoanguka yeye. Kiharusi chako hakikupitia mlango uliokuwa ukiufunga kila siku. Kilipitia mlango mwingine, wa moyo. Mapigo yasipokuwa na mpangilio, damu hutuama ndani ya moyo, huganda, na donge husafiri hadi kwenye ubongo. Dawa ya kuzuia hilo ipo, nayo ni tofauti na dawa ya shinikizo.

Kisha nilimwambia lililokuwa gumu zaidi. Nilimwona kliniki mara mbili kabla ya kiharusi. Nilipima shinikizo, nikafurahi kwamba limetulia, nikampongeza, nikaandika dawa zilezile. Sikushika kifundo cha mkono wake nikahesabu mapigo kwa dakika moja. Ningefanya hivyo, huenda ningeugundua moyo ule mapema. Alinyamaza kidogo, akasema, “Basi washike wengine.” Tangu siku hiyo kila mgonjwa wangu mwenye zaidi ya miaka 60 hushikwa mkono kabla ya kufungwa kitambaa cha mashine.

Kwa wahudumu wa afya

Anapofika mgonjwa mwenye dalili za kiharusi, pima sukari mara moja. Sukari ikishuka sana huiga kiharusi, na hutibika papo hapo. Uliza saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, uiandike. Usimpe chakula, maji wala kidonge kabla ya kuhakikisha anaweza kumeza. Usimpe aspirini kabla ya picha, kwani inaweza kumdhuru aliyevuja damu.

Usiliteremshe shinikizo kwa pupa kabla ya kujua aina. Katika kiharusi cha kuziba, ubongo unaoteseka hutegemea shinikizo hilo, nasi kwa kawaida hatuligusi katika siku ya kwanza mpaka lizidi 220/120, isipokuwa mgonjwa anaandaliwa kupewa dawa ya kuyeyusha donge. Dawa hiyo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, pale inapopatikana na picha ikiwa imethibitisha kwamba hakuna damu. Katika kiharusi cha kuvuja mambo hugeuka. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2023, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 7,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ulionyesha kwamba kulishusha shinikizo la juu hadi chini ya 140 mapema, pamoja na kudhibiti sukari na homa na kurekebisha damu ya wanaotumia dawa za kuzuia kuganda, kulipunguza ulemavu na vifo. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mashine ya anasa. Yanahitaji muuguzi anayepima na kurudia kupima.

Kwa wagonjwa na familia

Kumbuka mambo manne: uso, mkono, maneno, muda. Mwambie mtu atabasamu; je, mdomo umekwenda upande? Ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unashuka? Aseme sentensi moja. Je, maneno yamepinda? Ukiona hata moja kati ya hayo, usingoje kuche, usichue, usimnyweshe kitu. Mlaze kwa ubavu na umpeleke hospitali yenye kipimo cha picha. Dalili zikitoweka baada ya dakika chache, mpeleke hivyohivyo. Hilo ni onyo, na onyo hutangulia pigo.

Kila mwenye miaka 18 na zaidi apime shinikizo lake angalau mara moja kwa mwaka. Likikutwa juu, dawa humezwa kila siku, hata siku ambayo huumwi na chochote, kwa kuwa shinikizo halina maumivu. Dawa zikikaribia kwisha, rudi kabla ya siku ya mwisho. Kama bei inakushinda, mwambie daktari. Zipo za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Punguza chumvi jikoni na uiondoe mezani. Ng'onda na papa mkavu walowekwe na maji yamwagwe. Acha sigara. Tembea.

Mama wa Pongwe sasa huja kliniki na mwanawe kila mwezi. Huleta vidonge vya wote wawili katika mkebe mmoja wa maziwa uliogawanywa kwa kipande cha boksi, upande wake na upande wa mwana. Mara ya mwisho alimleta pia mjukuu, kijana wa miaka 24 anayeendesha bodaboda. Kijana alikaa akicheka, akasema yeye hana ugonjwa wowote. Tulimpima. Shinikizo lilikuwa 152/96. Tulipima tena wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata tena, halikushuka. Bibi yake hakusema neno. Alichukua mkasi wa muuguzi, akakata kipande cha pili cha boksi, akaugawa mkebe mara tatu.